Waambie Waanze Chini

Asubuhi ya Jumamosi ile, Pascalia alimwaga maji ya karai mlangoni, akasimama kuyatazama yanaelekea wapi.

Alifanya hivyo kila siku. Katika nyumba ile maji ya kunawia uso hayakutupwa ovyo. Yalimwagwa mahali pamoja, juu ya jiwe la kizingiti, kisha mwenyewe aliinama, mikono magotini, akayafuata kwa macho kama mtu anayemsindikiza mgeni. Yakishika njia ya mtaro, alirudi ndani kuendelea na shughuli zake. Yakisita, alijua huko chini kuna jambo.

Asubuhi ile yalisita. Yalilizunguka jiwe, yakatanda, yakakaa.

"Imekataa," alisema.

Mumewe, Shikanga, alikuwa ndani anakunywa chai kwa obusuma, ugali wa jana uliochomwa jikoni mpaka ukafanya ganda. Alisikia, lakini hakuuliza ni nini kilichokataa. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana wake, na kwa miaka arobaini na sita mkewe alikuwa ameyasema ya wawili.

Pascalia aliingia, leso kiunoni, akaketi kwenye kigoda na kuvuta gunia la mrenda. Akaanza kuchambua majani ya kupeleka mezani kwake kando ya njia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa vidole.

"Leo ndiyo ile siku ya Wanyama," alisema. Wanyama alikuwa mwenyekiti wa mtaa wao. "Ya usafi. Wamepewa reki na glavu na pikapu."

"Mh."

"Utaenda."

"Wewe ndiye unajuanga mtaro."

"Mimi niko na mboga. Na hata nikienda, Wanyama ataniambia, Mama Maximilla, kaa kwanza, wazee waongee. Wewe uko na mvi. Watakusikia."

Shikanga alitafuna ganda lake mpaka likaisha. "Niwaambie nini?"

Pascalia aliacha kuchambua. "Waambie waanze chini. Chini kwa kalavati kwanza, halafu wapande pole pole mpaka lami. Maji ikipata mahali ya kuenda, itaenda yenyewe. Wakianzia juu, taka yote itakuja kulala kwa mlango yetu."

"Hiyo wanajua."

"Hawajui. Wewe ulikata miwa miaka thelathini. Ulianzanga wapi?"

"Chini."

"Kwa nini?"

"Sukari iko chini." Alifikiri kidogo. "Na ukiacha kisiki, nyapara anakurudisha."

"Basi leo wewe ndiye nyapara," alisema Pascalia, na akacheka peke yake, kwa maana kumwona Shikanga akiwa nyapara wa mtu yeyote kulimchekesha.

Shikanga alivaa gambuti na koti lake la kahawia, akatoka. Alikuwa amekwisha kuvuka ubao wa mtaroni sauti ilipomfuata.

"Na usiende kunyamaza huko, Shikanga."

Jina lake lenyewe mkewe hakulitumia mara nyingi. Siku zote alikuwa Baba Maximilla, kwa ajili ya binti yao wa kwanza. Alipoitwa Shikanga alijua hakuna mzaha ndani yake. Aliinua mkono bila kugeuka.

Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho waliyokuwa nayo. Haikuwa na kitu cha ajabu. Ilikuwa na chai, mrenda, na maji yaliyosita.

*

Mtaa wao unaitwa Nduma. Uko upande wa chini wa mji wa Kakamega, mahali ambapo vilima viwili vinaachia maji yao. Jina lilitokana na kinamasi kilichokuwa hapo zamani, chote kimejaa nduma, majani mapana kama masikio ya ndovu. Siku hizi anayetaka nduma hununua sokoni kama watu wengine.

Shikanga na Pascalia walikuja hapo kutoka Navakholo miaka kumi na tisa iliyopita. Mgongo wa Shikanga ulikuwa umekataa miwa, na kipande chao cha shamba kilikuwa kimegawanywa kwa ndugu mpaka kikabaki cha kugeuzia ng'ombe tu. Pascalia alizaliwa Khwisero, akasoma mpaka darasa la nne. Mumewe hakuingia darasani hata siku moja. Ndiyo maana magazeti ya kufungia mboga yalisomwa kwanza. Alimsomea jioni, habari za mwaka jana na za mwaka juzi, na Shikanga alizisikiliza kana kwamba zimetokea asubuhi.

Kinamasi kilipokuwepo, Pascalia alilima nduma pembeni mwake. Yeye ndiye aliyemwonyesha mumewe kwamba mahali pale palikuwa pa kulala maji. Mvua ya Kakamega haina siri. Asubuhi jua, saa nane mawingu kutoka upande wa msitu, saa tisa inamwagika, mara nyingine na mawe yake ya barafu. Yale maji yote ya vilimani yalishuka, yakaingia kwenye nduma, yakalala usiku kucha, na kesho yakaondoka taratibu kwenda mtoni Isiukhu. Hakuna aliyelowa kitanda.

Kisha mwenye kile kiwanja akakiuza. Malori yakaja na kifusi wiki tatu. Nduma zikafukiwa na mizizi yake, na juu yake ukasimama ukuta wa mawe, na ndani ya ukuta nyumba ya ghorofa nne. Juu kilimani nako, watu wenye nafasi waliziba nyua zao kwa matofali ya saruji ili magari yao yasikanyage matope. Maji yakakosa pa kuingia huko juu, na pa kulala huku chini.

"Sasa italala wapi?" Pascalia alimwuliza yule mwenye malori.

"Mama, maji si mtu. Hailali."

"Utaona," alisema Pascalia.

Mvua ya kwanza baada ya ukuta kukamilika, maji yalilala kwenye nyumba za watu.

Tangu hapo, pale Nduma unaweza kujua mtu amekaa miaka mingapi kwa kuhesabu matofali chini ya miguu ya kitanda chake. Mpangaji mpya ana tofali moja kila mguu. Aliyeona masika mawili ana matatu. Kitanda cha Pascalia kilikuwa juu ya matofali sita, na kwa kuwa alikuwa mfupi, alikiwekea kigoda kando ili apate kupanda. Alisema yeye ndiye mwanamke pekee Kakamega anayelala ghorofani bila ghorofa.

Lakini mambo mengine hayakuwa ya kuchekesha. Vyoo vya shimo vilijaa na kutapika. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu alipoteza mashine kwa kutu, akarudi kwao Bukura kuchunga ng'ombe wa shemeji. Selpher, jirani wa ukuta kwa ukuta, alilaza mtoto wake hospitali wiki mbili kwa homa ya matumbo. Madaftari ya shule yalianikwa kwenye kamba kama nguo. Kuta za udongo zilivimba, zikabanduka vipande, na kila nyumba ilibaki na mstari wa kahawia ndani, ukionyesha maji yalipofika. Watu walipaka rangi juu yake. Mwaka uliofuata ulichorwa mstari mwingine.

Pascalia hakupaka rangi. Alichukua ufito mrefu wa mkalitusi, akampelekea mhunzi aufunge ndoano ya chuma mwishoni. Kila siku baada ya saa sita, kabla mawingu hayajakusanyika, aliacha meza yake ya mboga mikononi mwa Selpher, akashuka mpaka kwenye kalavati, lile bomba la saruji linalopitisha mtaro chini ya njia na kuutoa kando ya ule ukuta wa ghorofa. Hapo alisimama akivuta takataka. Chupa, nepi, makapi ya miwa, mifuko, mara moja godoro zima. Akisha kufungua kinywa cha kalavati, alipanda hatua kwa hatua akisafisha kuelekea juu. Hakuna aliyemlipa. Kando ya mtaro alirudishia nduma, safu moja moja, ili udongo ushikane. Alipanda mlima na kubisha hodi kwenye mageti, akiwaomba wenye nyumba waweke mapipa chini ya mabati yao yashike mvua ya kwanza. Watatu walikubali. Wengine walimwambia mlinzi aseme hawapo.

Na waliotupa taka aliwajua kwa majina.

"Mama Lusweti," aliwahi kuita kutoka mtaroni, ameshika mfuko kwenye ndoano. "Taka yako imekuja kunisalimia. Inasema mlikula ingokho jana, mifupa ya kuku ndiyo hii, na hamkuniita."

"Si yangu hiyo."

"Ni yako. Ndani kuna risiti ya chama na jina lako."

Watu walicheka, na Mama Lusweti akacheka pia, kwa hasira. Hakutupa tena. Alitupa mwingine.

Shikanga alimsaidia kubeba alivyovitoa. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kubeba. Kusema ilikuwa ya mkewe.

*

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi.

Mkutano ulikuwa juu, kando ya lami, kwenye veranda ya kanisa. Watu walifika kama arobaini. Wanyama, mtu mnene mwenye moyo mwema na pumzi fupi, alivaa glavu mpya na kofia yenye maandishi. Reki zilikuwa zimelazwa safu. Pikapu ilikuwa imesimama hapo hapo, kwa maana huko chini haikuweza kufika.

Shikanga alikaa mwisho wa benchi. Wanyama alieleza kwamba kazi ingeanzia pale walipo, kwenye lami, kisha wangeshuka nayo. Kwamba wakichoka wangemalizia chini wiki ijayo. Watu wakaitikia. Ilisikika vizuri. Kazi ya kuteremka ni nyepesi kuliko ya kupanda.

Maneno yalikuwa tayari ndani ya Shikanga. Yalipanda mpaka kooni, yakakaa hapo. Alitazama kofia ya Wanyama yenye maandishi asiyoyajua, akatazama karatasi mkononi mwa mwenyekiti, akaona vijana wenye simu waliokuwa wakicheka kitu. Akafikiri: nitasimama, nitasema *kalavati* na ulimi utaniteleza niseme *karavari* kama kawaida yangu, watacheka. Akakohoa ili ayasogeze maneno.

Wanyama akamsikia. "Mzee Shikanga. Kuna neno?"

Vichwa arobaini viligeuka.

"Hapana," alisema Shikanga. "Ni kikohozi tu."

"Pole, mzee."

Na kazi ikaanza juu.

Walifanya kazi vizuri, hilo lazima lisemwe. Hakuna aliyekaa bure. Walikokota, wakasukuma, wakakata majani, na mtaro wa juu ukawa mweupe kama sahani iliyooshwa. Taka nzito walizipakia kwenye pikapu. Zile nyepesi, chupa na mifuko na makapi, zilishuka zenyewe na maji machache yaliyokuwamo, na kila mtu alifurahi kuziona zikienda. Hakuna aliyeuliza zinakwenda wapi. Shikanga alijua. Alishika reki, akasukuma na wenzake.

Saa nane mawingu yalijaa. Saa nane unusu Wanyama akasema watosheke, wote wakaingia verandani, wakapewa mkate na soda. Mvua ilianza wakiwa wanakula. Ilikuwa na mawe. Iligonga mabati ya kanisa hata watu wakaacha kuongea, wakabaki wanatafuna na kutazamana.

Maji yalikuja kutoka kilimani na kuingia kwenye ule mtaro safi. Hayakupata kitu cha kuyachelewesha. Yalipita mbele ya veranda kwa mbio, na kijana mmoja akasema, "Mnaona sasa vile inaenda? Kazi safi."

Shikanga aliiona inaenda. Akaiweka soda chini. Akatoka kwenye mvua, na watu wakamwita arudi, na yeye akawa anashuka, mzee wa miaka sabini na tatu ndani ya gambuti, akishika ukuta huu na kamba ile.

*

Mengine aliyapata kwa Selpher, kwa maana Selpher ndiye aliyekuwepo.

Pascalia alikuwa mezani. Mvua ilipoanza alifunika mboga kwa nailoni, akatazama mtaro, akaona unabeba chupa na mifuko, nyingi, zote pamoja, kama soko linaloshuka. Akasema, "Wameanzia juu." Hakusema kwa hasira, Selpher alieleza. Alisema kama mtu anayesoma.

Kisha akauliza, "Na Baba Maximilla alikuwa huko?"

Alichukua ufito wake. Selpher alimshika leso. "Mama, wacha. Nyumba ni nyumba tu."

"Wewe uko na mtoto ndani amelala," alisema Pascalia. "Mtoe."

Selpher alikimbilia mtoto wake. Alipotoka naye mgongoni maji yalimfika magotini, na kinywa cha kalavati kilikuwa kimezibwa na takataka zenye kimo cha mtu. Pascalia alisimama juu ya ukingo, amezamisha ndoano, anavuta. Alitoa kipande, akatoa kingine. Maji nyuma ya lile lundo yalizidi kupanda. Yalifika dirishani kwenye nyumba iliyokuwa ya fundi cherehani. Kisha lundo lote likaachia kwa pamoja, na ule ukingo wa udongo ukaenda nalo.

Selpher alisema hakusikia sauti yoyote. Aliona ufito umesimama wima kwenye maji, peke yake, kama mtu ameuchomeka. Halafu nao ukalala.

Nyumba zilibaki. Kalavati ilipofunguka, maji yaliondoka mtaani kwa muda mfupi kuliko mwaka wowote. Pascalia walimpata kabla ya giza, upande wa pili, amesukumwa kwenye ule ukuta wa mawe, mahali palipokuwa na nduma zake. Shikanga ndiye aliyemtoa makapi ya miwa kwenye nywele. Alikuwa amekata miwa miaka thelathini, na hakuwahi kujua makapi yana ncha kali namna ile.

*

Walimzika Navakholo. Mvua iliwahurumia siku hiyo, ikachelewa.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kunyolewa. Ndugu waliketi uani, wakanyolewa mmoja mmoja, na kama ilivyo desturi mzee wa ukoo aliuliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, alilete mbele ya watu lisije likabaki likizunguka. Mmoja alisema alimwazima Pascalia ungo. Mwingine alisema walikosana kanisani na wakapatana. Shikanga alikaa, kichwa kikiwa kipya na chepesi, upepo ukimpiga. Mzee alimtazama kwa muda. Shikanga alitazama chini. Neno lilikuwepo. Liliketi naye kitini.

Maximilla alitaka kumchukua. Alikuwa ameolewa Lugari, kwenye mahindi na nyumba ya mabati mapya.

"Baba, twende. Huko ni juu. Maji haifiki."

"Mh."

"Utakaa Nduma na nani?"

"Nitaona."

"Hata kupika hujui."

"Nitajua."

Alirudi Nduma. Selpher alikuwa amemsafishia nyumba na kuufuta mstari wa kahawia, kesho yake akakuta Shikanga ameuchora tena kwa mkaa. Kitanda kilikuwa bado juu ya matofali sita. Kigoda kilikuwa kando yake. Shikanga hakukihitaji, alikuwa mrefu. Lakini alipokiondoa usingizi ulimkataa, akakirudisha.

Ufito ulikuwa umepotea na maji. Alikata mwingine, mhunzi akaufunga ndoano asitake kitu. Kila siku baada ya saa sita Shikanga alishuka kwenye kalavati, akaanza chini, akapanda. Watu walimwonea huruma, wakasema huzuni imemgeuza. Wengine waliacha kutupa taka wakimwona, wakangoja apite. Asubuhi alimwaga maji ya karai juu ya jiwe la kizingiti, akainama, mikono magotini.

Wanyama alikuja mara moja, akaketi pale mlangoni.

"Mzee, mimi hilo jambo linaninyima usingizi," alisema. "Tulifanya usafi kwa nia nzuri."

"Najua."

"Kama kuna mtu angetuambia. Hata mtu mmoja."

Shikanga alitazama gambuti zake. Alitaka kumwambia, na kama angemwambia, Wanyama angelala usingizi. Kikohozi kikamshika, na safari hii kilikuwa cha kweli, na kilipokwisha mgeni alikuwa anaaga.

*

Miezi minane ikapita. Kabla ya masika mengine, Wanyama alipiga mbiu. Palikuwa na mtaro mpya unaokuja, wa saruji, na injinia wa kuueleza.

Mkutano ulikuwa pale pale, veranda ya kanisa. Injinia alikuwa kijana aitwaye Kibiwott, mpole, viatu vyake vimechafuka kwa kazi. Alitandika karatasi kubwa juu ya meza na kuzungumza bila haraka. Mtaro ungejengwa kwa mawe na saruji, mpana mara mbili ya ule wa zamani. Vifaa vilivyopo vingetosha nusu yake mwaka huu. Wangeanza pale kwenye lami, kwa sababu lori la mawe huko chini haliingii. Nusu ya chini, pamoja na kalavati mpya, ingengoja mwaka ujao.

Watu waliitikia. Ilisikika vizuri. Mtu mmoja alipiga makofi, na wengine wakafuata.

Shikanga alikuwa mwisho wa benchi, ufito wake katikati ya magoti. Alielewa bila kuangalia karatasi. Juu pana na laini, chini finyu. Maji yangeshuka mara mbili, yakute kinywa kile kile. Masika yalikuwa wiki tano mbele. Mtoto wa Selpher alikuwa ameanza kutembea.

Maneno yalipanda mpaka kooni, yakakaa pale pale yalipokaa mwaka jana. Akakohoa.

Wanyama akageuka. Kwa heshima, kwa sauti ya chini, akasema, "Pole, mzee. Mpeeni maji anywe."

"Leo si kikohozi," alisema Shikanga.

Alisimama akiegemea ufito. Ilichukua muda. Hakuna aliyecheka. Vijana wenye simu waliziweka mfukoni.

"Hata mwaka jana haikuwa kikohozi," alisema. "Uliniuliza kama kuna neno, nikasema hapana. Neno lilikuwako. Nilitumwa nalo. Nilikaa nalo hapa hapa, nikakula mkate yenu nalo."

Wanyama alivua kofia.

"Mzee," alisema taratibu, "nani alikutuma?"

"Mama Maximilla."

Selpher, aliyesimama nje kwenye jua na mtoto kiunoni, alifunika mdomo kwa leso. Injinia alimtazama Wanyama, akaona hapati maelezo huko, akamgeukia mzee. Akaitoa kalamu sikioni.

"Samahani, mzee wangu," alisema Kibiwott. "Mimi sikumjua. Alisema nini?"

Shikanga alitazama lami, akatazama mtaro unavyoshuka kati ya nyumba mpaka kule chini ambako hauonekani. Ulimi ukamteleza kwenye kalavati kama alivyoogopa, na hakuna kilichotokea. Hakuongeza neno lake wala hakupunguza. Aliyaleta yote, hata yale yaliyokuwa yake peke yake, kama alivyopewa:

"Waambie waanze chini. Chini kwa kalavati kwanza, halafu wapande pole pole mpaka lami. Maji ikipata mahali ya kuenda, itaenda yenyewe. Wakianzia juu, taka yote itakuja kulala kwa mlango yetu. Na usiende kunyamaza huko, Shikanga."